Spana ya Mguu wa Panzi

"Rudia! Rudia hapa hapa, Bi Tatu asikie, na huyo anayepita na ndoo naye asikie!" Fredi alikuwa bado na tai ya kanisani, ameilegeza mpaka kifuani, na Biblia kaibana kwapani kama anayeogopa nayo itasemwa imeibwa. "Sema: Fredi ni mwizi."

"Sijasema mwizi," Faraji akajibu. "Nimesema spana yangu uliichukua wewe na kwangu haijarudi. Mtu wa namna hiyo anaitwaje, jina lake unalijua mwenyewe."

"Nilikukabidhi mkononi!"

"Mkono upi?"

"Wa kulia! Ijumaa ile, ulikuwa uvunguni mwa Landrova ya yule mzee wa Msimbati, inaonekana miguu tu. Nikasema, fundi, spana yako hii. Ukatoa mkono, nikakuwekea. Ukasema asante baba Upendo, Mungu akuzidishie."

"Mimi nikiwa uvunguni simuombei mtu dua."

Watu wakacheka. Walikuwa wameshafika kumi na kitu, maana mtaani Rahaleo, Jumapili mchana, ukipiga chafya wanatokea wa kukuombea afya kutoka nyumba sita. Bi Tatu, muuza chai na mihogo ya kukaanga, alikuwa ameacha karai lake na kusogea, mwiko mkononi. Mlangoni kwa Fredi alisimama mkewe, Mwalimu Rozalia, amevaa kitenge cha kwaya.

Faraji angeweza kunyamaza pale. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakunyamaza. Lakini watu wamecheka, na mtu akishachekewa neno lake moja hutamani kuongeza la pili.

"Basi mimi sitagombana," akasema kwa sauti ya juu. "Naenda kwa Maalimu Mustafa. Isomwe halubadili. Aliyenayo atajulikana mwenyewe."

Kicheko kikakatika. Hata Bi Tatu alirudi hatua moja nyuma. Halubadili, kisomo cha kumwapiza mwizi, si maneno ya kutupiana ukutani. Ikisomewa mwizi, watu wa pwani wanasema, hapiti siku nyingi bila kuumbuka, kwa tumbo, kwa jipu, au kwa kubwabwaja mwenyewe barabarani. Fredi alitokea Kyela, alikuja Mtwara na kazi ya bandari, na si dini yake. Lakini miaka minane ya Rahaleo ilikuwa imemtosha kujua neno hilo lina uzito gani. 

"Kasomeshe, jirani," akasema polepole. "Isome kwa nguvu."

Akaingia ndani.

Kwa asiyejua, spana ni spana, ukikosa hii unaazima ile. Lakini hiyo iliyokuwa ikigombaniwa haikuwa na dada wala kaka. Marehemu Fundi Yohana wa Mikindani, aliyemfundisha Faraji kazi, alichukua spana ya ringi ya kawaida, akaichoma kwenye moto wa maganda ya korosho mpaka ikaiva kama kaa, akaikunja mara mbili, kwanza kushoto, kisha juu, na kichwa chake akakisugua kwa tupa siku mbili mpaka kikawa chembamba. Ilipopoa ilifanana na mguu wa nyuma wa panzi anayejiandaa kuruka. Jina likaanzia hapo.

Magari ya zamani yana boliti ambazo aliyezifunga kiwandani ni kama aliapa asizifungue mtu tena. Landrova mia na tisa ina boliti ya juu ya stata iliyojificha nyuma ya injini. Jicho halifiki, na mkono ukifika, zinafika ncha za vidole vitatu. Pijo kuukuu la Fredi, alilorithi kwa baba yake, lina nati ya ekzosi yenye tabia hiyo hiyo. Fundi mwingine angeshusha nusu ya injini kwanza. Faraji alikuwa anapenyeza mguu wa panzi, anafumba macho, anapapasa, huku anakusimulia nani kaachana na nani Mikindani, na dakika kumi hazijaisha stata iko chini. Spana ile ilishika namba kumi na nne ya Pijo na ile ya Kiingereza ya Landrova bila ubaguzi. Watu walitoka Newala kwa ajili yake.

Na Fredi ndiye aliyekuwa mtu pekee wa kuazimwa. Si kwa sababu alikuwa fundi. Hakuwa fundi, alikuwa karani wa makontena anayependa kujipaka grisi siku za mapumziko. Ni kwa sababu walikuwa wamezoeana. Pijo likiwaka, Faraji alikuwa wa kwanza kuitwa kusikiliza mlio. Somoe, mke wa Faraji, na Mwalimu Rozalia walikuwa wakipelekeana sahani zilizofunikwa kwa kawa: Idi inatoka huku, Krismasi inatoka kule, na katikati hapo ni samaki, ndizi, mtori, chochote. Na kama mnavyojua, sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama ni limao moja, unaliweka.

Alasiri ile ile Faraji akaenda kwa Maalimu Mustafa. Maalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu.

"Umepekua kwako?"

"Nimepekua, Maalimu. Sanduku lote. Chini ya kitanda. Hata kwenye banda la kuku."

"Kwako, fundi, ni wapi? Ni nyumbani tu?"

Faraji hakuelewa. Maalimu akakunja msala wake. "Halubadili si tochi ya kutafutia spana. Mimi siisomi kwa dhana. Nenda ukatafute siku saba. Ukija na yakini, tutazungumza. Na huyo bwana, ukipita, msalimie."

Ndivyo alivyotoka, mikono mitupu. Angekuwa na bahati angepita njia ya nyuma. Alipita kwa Bi Tatu.

"Enhe, baba Amina!" Bi Tatu alikuwa anageuza mihogo, na kwenye benchi walikaa wanaume wanne, vikombe hewani, wanamngoja. "Imesomwa?"

Alitaka kusema hapana. Kwa haki ya Mungu, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini akaona zile nyuso nne, akajiona anavyoeleza kwamba amefukuzwa na Maalimu kama mtoto wa madrasa aliyesahau herufi.

"Imeshasomwa," akasema.

Bi Tatu hakuuliza la pili. Hakuwa na haja. Kabla ya isha habari ilikuwa imefika sokoni, na kesho yake ilikuwa bandarini.

Jumatatu ikapita. Jumanne ikapita. Jumatano, Fredi aliruka kutoka kwenye lori bandarini, akakanyaga vibaya, na jioni akaletwa nyumbani kwenye bajaji, mguu umevimba kama mhogo wa Mahuta.

"Mguu!" Bi Tatu alipiga kofi. "Mnaona? Amechukua mguu wa panzi, ameshikwa mguu! Kama angechukua nyundo leo tungekuwa tunazungumza kichwa."

Benchi zima likaangua kicheko. Faraji alikuwepo, kikombe mkononi. Yeye peke yake duniani, ukimtoa Maalimu, alijua kwamba hakuna kilichosomwa. Alijua mguu ule ni lori na haraka tu. Na akanyamaza. Tena, na hili ndilo lililokuja kumla roho baadaye kuliko yote, alihisi raha kidogo, kama mtu aliyekunwa mgongoni mahali asipofika.

Mambo yakajipanga yenyewe. Watoto wa mtaani waliozoea kusomea hesabu barazani kwa Mwalimu Rozalia hawakuonekana. Ikasikika kwamba bandarini wenzake Fredi wameanza kufunga makabati yao ambayo miaka yote yalikuwa wazi. Na Alhamisi asubuhi Upendo, binti mdogo wa Fredi, alikuja na sahani ya Somoe, ile ya maua ya buluu iliyopelekwa na wali wa nazi siku kumi nyuma.

"Mama amesema ahsante."

Somoe akaipokea. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa, na ndani yake hakukuwa na kitu. Hata limao.

Somoe aliishika sahani ile kwa mikono miwili. "Tangu niolewe," akasema, "hii ni mara ya kwanza sahani yangu kurudi uchi." Akaiweka juu ya kabati, hakuitumia tena, na siku ile hakumpa mumewe zaidi ya maneno matatu.

Jumamosi, Mzee Selemani wa Msimbati akapiga simu. Ni mkulima wa korosho, mwenye ile Landrova mia na tisa, na ilikuwa mara ya tatu anapiga.

"Fundi, hili gari ulilolitengeneza lina nzige ndani. Nikifika kwenye makorongo ya Madimba, ngi! ngi! ngi! Ukinambia tena ni ekzosi nitakuja kukulaza wewe chini niliendeshe juu yako."

Faraji akapanda pikipiki akaenda. Alikuta Landrova imesimama uani, kuku wamelala kwenye kivuli chake, na Mzee Selemani kwenye kigoda anapasua madafu. Akaamkia, akafungua boneti, akawasha. Injini ikacheka vizuri tu. Akaitikisa. Ngi. Akazima, akaingia uvunguni, akapitisha mkono nyuma ya injini, pale pasipo macho, vidole vitatu mbele.

Vikagusa chuma ambacho si cha Landrova.

Alikijua kabla hajakifikiria. Vidole vilipita kwenye mkunjo wa kwanza, vikapanda mkunjo wa pili, vikafika kwenye ringi iliyokaa juu ya boliti ya stata kama pete kidoleni, na mkia wake umebanwa kati ya injini na ukuta wa kabini.

Hakuivuta. Alilala pale chali, mkono juu, mafuta yanamdondokea shingoni, na Ijumaa ile ikamrudia yote. Marehemu Fundi Yohana alimfundisha kwamba gari halitoki mpaka kila boliti uliyoigusa umeipa robo ya mwisho ya mzunguko. Hata kama imekaza, ipe robo, ndiyo salamu yako kwake. Miaka ishirini mkono wake ulikuwa ukitoa robo ya mwisho bila kumuuliza yeye. Stata alikuwa ameifunga Alhamisi, jioni akamwazima Fredi spana. Ijumaa alikuwa uvunguni anamalizia, Mzee Selemani anamhimiza kwamba kuna maiti ya kuzikwa saa kumi Msimbati na watu wanangoja gari, yeye anamjibu huku anatoa robo zake, boliti hii, boliti ile. Sauti ya mtu ikasema kitu miguuni kwake. Akanyoosha mkono. Mkono ukapokea, ukaenda juu, ukatoa robo. Kisha honi, haya twende, haya tunachelewa. Akatoka uvunguni mikono mitupu.

Na alisema. Sasa aliisikia sauti yake mwenyewe: asante baba Upendo, Mungu akuzidishie.

"Umelala au umekufa?" Mzee Selemani aliuliza kutoka juu.

Faraji akaichomoa, akatoka nayo. Wazo la kwanza lililomjia, na hakuliepuka, lilikuwa mikoko. Ilikuwa hatua mia mbili tu kutoka pale. Uitupe topeni, urudi, useme ilikuwa ekzosi. Wazo la pili lilikuwa la kijanja zaidi: aseme kaiokota njiani, kumbe mwizi kaogopa kaitupa.

Lakini Mzee Selemani alikuwa ameshaiona. Aliitazama spana, akautazama uso wa fundi, na dafu likabaki mkononi.

"Si ndiyo hiyo uliyonambia kwenye simu imeibwa na karani?"

Faraji akaifuta mafuta kwa pindo la shati.

"Nnungu wangu!" Mzee akapiga paja, akacheka mpaka machozi. "Ntoto yupo ngongoni, wewe watafuta uvunguni kwa watu!" Akacheka peke yake muda mzuri, mpaka akagundua kwamba mwenzake amekaa chini kwenye mchanga, magoti juu, kajiinamia. Kicheko kikapungua. "Umemtaja mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Wengi?"

"Rahaleo nzima, mzee wangu. Na halubadili nimesema imesomwa, na haikusomwa. Na mguu wake umevimba, watu wanasema ndiyo imemshika, na mimi nimekaa nakunywa chai."

Mzee Selemani hakusema pole. Aliingia ndani, akatoka na samaki changu wawili wakubwa kwenye mfuko. "Hawa si wako," akasema. "Unajua ni wa nani. Nami gari langu limeacha kelele. Nenda."

Njia nzima ya kurudi, Ziwani na Madimba, spana ilikuwa mfukoni inamchoma paja kwenye kila bonde. Alipofika kwake akamwekea Somoe spana mezani. Somoe aliitazama, akavuta kiti, akakaa. Hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa nafuu.

"Ilikuwa wapi?"

"Mahali nilipoiweka."

Somoe akainuka, akawakaanga wale changu wawili kwa chumvi na ndimu, akashusha juu ya kabati sahani ya maua ya buluu, akawapanga, akafunika kwa kawa. "Mimi sahani siipeleki," akasema. "Utaipeleka wewe. Lakini usiitangulize mbele ukajifichia nyuma yake. Tangulia wewe, sahani ifuate."

Njia ya kwenda kwa Fredi ni hatua thelathini. Faraji akageukia upande mwingine, kwa Bi Tatu, sahani mkono mmoja, spana mkono mwingine. Jua lilikuwa linaelekea kuzama na benchi lilikuwa limejaa.

"Karibu, baba Amina! Mwizi wako leo kajikongoja mpaka chooni na fimbo." Kisha Bi Tatu akaona mkono wa pili. Mwiko ukasimama. "Ha! Kairudisha!"

"Hakuirudisha leo. Aliirudisha siku ile ile aliyosema. Alinipa mkononi, mkono wa kulia. Mimi ndiye niliyeisahau kwenye stata ya Mzee Selemani. Nimeitoa huko leo."

 Mtu mmoja aliweka kikombe chini taratibu, kama kinaweza kupasuka.

"Basi halubadili ilikuwa inamshika nani?" Bi Tatu akauliza.

"Hakuna. Haikusomwa. Maalimu alikataa. Nilidanganya."

Mafuta yalikuwa yanaunguza mihogo na hakuna aliyegeuza. Bi Tatu alimtazama, na uso wake ulibadilika mara mbili, mara tatu, mpaka ukatua kwenye hasira.

"Yaani mimi nimetembea, mtu mzima, nimefika mpaka Chikongola kwa miguu yangu hii, nimebeba uongo wako? Nimewaambia watu wazima mguu, mguu, kumbe lori?"

"Ndiyo, Bi Tatu."

"Kumbe hata mimi umeniumbua!"

"Ndiyo. Na hili nalo nakuomba ulitembeze. Mpaka kule kule ulikofika. Ndilo nililokuja kukuambia."

Bi Tatu akafyonza, fyonzo refu lenye kona. Akavua kanga ya kiunoni, akaifunga upya, akamkabidhi mwiko mteja wa karibu. "Nigeuzie hii," akasema, akaondoka, na hakumtazama Faraji tena.

Zile hatua thelathini akazitembea huku anasikia mtaa unanong'ona nyuma yake. Uso ulikuwa unawaka kama amesimama mbele ya tanuri. Fredi alikuwa barazani, mguu umefungwa bandeji, umewekwa juu ya stuli. Mwalimu Rozalia alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, Upendo pembeni yake.

Faraji alisimama chini ya ngazi, hakukaribia. Alipanga maneno mengi kwenye pikipiki. Yote yalikuwa yamekimbia.

"Baba Upendo. Ulinipa mkononi."

Fredi akaitazama spana. Hakuinyooshea mkono. "Ilikuwa wapi?"

"Kwenye boliti. Nilitoa robo ya mwisho, nikaiacha huko huko. Wewe huna kosa. Na halubadili haikusomwa, nilidanganya. Mguu ulipovimba nikajua si kweli, nikanyamaza." Akaigeuza spana mkononi. "Sikunyamaza tu. Nilifurahi."

Hapo hata Upendo aliacha kuchezea punje za mchele.

"Umeyasema haya kwa nani mwingine?" Fredi akauliza.

"Kwa Bi Tatu. Benchi zima likisikia."

"Kwa Bi Tatu." Pembe ya mdomo wa Fredi ikatikisika, nusu ya kicheko kilichokosa njia. "Basi sasa hivi imeshafika Mikindani."

Mwalimu Rozalia hakucheka. "Baba Amina," akasema, macho kwenye ungo. "Siku tatu hizi mtoto huyu ameulizwa na wenzake shuleni baba yake atakufa lini. Sio kama atakufa. Lini. Amerudi ameniuliza mimi."

 Faraji akamtazama Upendo. Mtoto alikuwa anamtazama yeye, bila chuki, kwa udadisi tu, kama anavyotazamwa mtu mkubwa aliyeanguka barabarani. Macho yakamshinda, akayashusha. Akapanda ngazi moja, akaiweka sahani ukingoni mwa baraza, na spana akaiweka kando yake.

"Spana ikae kwako, baba Upendo," akasema. "Nikiwa na kazi nitakuja kuazima mimi."

Akageuka. Alikuwa ameshafika kwenye mchongoma wa mpaka aliposikia ungo unawekwa chini, na kawa inafunuliwa.

"Wewe!"

Alisimama.

Mwalimu Rozalia alikuwa amesimama mlangoni, birika la maji mkono mmoja, beseni mkono mwingine. Uso wake haukuwa umelainika. Ulikuwa uso wa mwalimu anayesahihisha daftari lenye makosa mengi na ameamua kulimaliza.

"Sahani yako mimi sitairudisha tupu mara mbili, na ndani hakuna kilichoiva cha kuweka isipokuwa ugali ulioko jikoni," akasema. "Na mikono yako ina mafuta ya gari mpaka kwenye viwiko. Upendo, mshikie beseni. Njoo unawe, baba Amina, uingie ule."